Ni mmea gani huu wenye maua ya njano na miiba uliotanda kwenye ploti yangu?

*Swali: Habari ya kazi, mtaalamu. Tulihamia Ruai mwaka jana, ploti ya hamsini kwa mia, nyumba bado haijapigwa plasta nje. Mbele ya nyumba, pale lori lilipokuwa likimwaga mchanga na kokoto, mvua ya Novemba iliotesha mmea unaotambaa chini pande zote. Mwanzoni niliupenda kwa sababu kila asubuhi huchanua viua vya njano, nikauacha. Sasa baiskeli ya kijana wangu inapata pancha kila mara, na mdogo wake alichomwa mguuni, mwiba ukapita slipa. Nilipiga picha, programu ya simu ikasema mara ni jamii ya mimosa, mara ni mboga. Jirani anasema ni gugu la kigeni lililoletwa na malori ya barabara, na kwamba mbuzi wakilila hufa. Shemeji yangu naye ananikataza kuling'oa, eti ni dawa ya nguvu za kiume na huuzwa ghali mjini. Fundi anataka nimlipe alinyunyizie dawa. Ni mmea gani huu, na nimsikilize nani?*

Dada, pole kwa mguu wa mtoto, na nianze na huo kabla ya maua. Mwiba wa aina hii huingia wima na mara nyingine ncha yake hukatikia ndani. Osha kwa maji na sabuni, angalia kama kuna kipande kilichobaki, na ikiwa pamevimba, pana joto au mtoto bado anachechemea siku ya pili, mpeleke kliniki. Ukifika, uliza pia kama chanjo yake ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Sasa mmea wenyewe. Kwa jinsi ulivyoueleza, nina karibu hakika kwamba ni mbigili, ambayo wengine huitamka mbigiri, na ambayo wanasayansi huiita Tribulus terrestris, jina alilolichapisha Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753. Lakini mimi nimesoma maneno yako tu, sijaushika mmea, na hapa Kenya jina mbigili hupewa mimea zaidi ya mmoja yenye kuchoma. Kwa hiyo toka nje kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali na maua hayajafunga, uthibitishe mwenyewe. Vaa viatu vya soli nene.

Anza na tunda, ua liache. Hapo ndipo programu ya simu ilipokupoteza. Maua madogo ya njano yenye petali tano yamejaa Nairobi, na picha ya jani peke yake inaweza kuwa ya mmea huu au ule. Tunda la mbigili halidanganyi. Likiwa bichi ni la kijani, upana wake kama sentimita moja, lina vinyweleo, na limegawanyika vipande vitano vilivyobanana kuzunguka kitovu kimoja. Likikauka hugeuka kijivu na vipande huachana. Kila kipande kina miiba miwili mirefu na miwili mifupi. Chukua kimoja kwa uangalifu, kidondoshe mezani mara kadhaa. Vyovyote kitakavyotua, utaona walau mwiba mmoja umeelekea juu. Mtoto wako hakukanyaga vibaya, maana hakuna namna nzuri ya kukikanyaga kitu hicho.

Ukiridhika na tunda, geukia majani. Chagua tawi moja ulifuate kwa kidole kutoka kwenye shina kuelekea ncha. Katika kila kifundo utakuta majani mawili yanayotazamana, lakini hayalingani: moja kubwa, jingine dogo, na tofauti huonekana bila hata kupima. Ua hutokea kwapani, yaani pale jani linapoungana na shina, kwa kawaida upande wa lile jani dogo, juu ya kikonyo kifupi. Kila jani limegawanyika kuwa vijani vidogo vilivyopangwa jozi jozi, jozi tano au sita au zaidi kidogo. Pindua jani utazame chini yake: kuna manyoya mafupi yaliyolala, yenye rangi ya fedha, hasa kwenye majani machanga. Ua lenyewe lina petali tano na stameni kumi, yaani vijiti vyenye chavua, na kwa kawaida halizidi upana wa kucha ya kidole gumba. Ukikuta maua makubwa zaidi ya hapo, ya kuvutia macho ukiwa mbali, basi huenda ni ndugu yake Tribulus cistoides, ambaye pia ni wa kwetu. Usihangaike sana kuwatofautisha, kwa maana vita vyao ni vilevile.

Ile "jamii ya mimosa" ya simu yako ina sababu. Kuna mimea ya Chamaecrista inayoota kandokando ya barabara zetu, yenye vijani vya jozi jozi na maua ya njano, na ikipigwa picha kwa juu inafanana na mbigili kweli. Ila majani yake hupishana, moja huku, jingine mbele kidogo upande wa pili, na tunda lake ni ganda jembamba bapa la jamii ya kunde, lisilo na mwiba wowote. "Mboga" nayo pengine ilikuwa portulaka, yenye mashina mekundu manene yaliyojaa maji na majani mazima yasiyogawanyika. Hiyo haijawahi kutoboa tairi.

Aliye karibu zaidi kukuchanganya ni Oxygonum sinuatum, kwa sababu naye ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, naye hutambaa mashambani na kwenye viwanja, na naye huitwa mbigili sehemu nyingi. Majani yake ni mazima lakini yamekatika kingo kwa mawimbi makubwa, na kila kifundo kimevikwa ala nyembamba. Maua ni meupe au ya waridi. Tunda ni refu, limechongoka huku na huku, na kiunoni lina miiba mitatu. Majani yake yana uchachu na wapo wanaoyapika, jambo linalonipa sababu ya kukuomba usitumie ulimi kutambua mmea. Ulimi ni chombo kibaya cha kutambulia mimea, na ploti iliyomwagwa rangi, saruji na oili ya lori ni mahali pabaya zaidi pa kuujaribia.

Jirani yako amekosea kuhusu ugeni. Mbigili ni ya hapa. Makao yake ya asili yanaenea Afrika, kusini mwa Ulaya na sehemu kubwa ya Asia, na imekuwepo kwenye njia za mifugo tangu kabla hata ya reli. Ni Wamarekani wanaoihesabu kuwa mgeni msumbufu, kiasi kwamba mwaka 1961 waliachilia huko aina mbili za fukusi, wadudu wadogo wa jamii ya mbawakawa, walioletwa kutoka Italia, aina moja ya kula mbegu na nyingine ya kutoboa shina. Nadhani jirani anaichanganya na gugu karoti, lile la maua meupe lenye majani yaliyochanika kama ya karoti. Hilo kweli limetoka Amerika, kweli husambazwa na magari, na serikali ya Kenya ililitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2010. Kuhusu malori lakini, hajakosea sana. Kipande cha mbigili hudunga raba ya tairi kikasafiri nayo, hushika kwato na soli, hulala ndani ya mchanga. Kama lori lako lilitoka mahali penye mbigili, lilikushushia zaidi ya ulichonunua.

Hata hivyo mbegu peke yake haingetosha. Ninyi mliikaribisha kwa kuuweka udongo uchi. Upande wa Ruai, Utawala na Kamulu hupata mvua kidogo kuliko Karen au Kikuyu, na udongo ule mweusi wa asili ungekuwa umefunikwa na nyasi ngumu. Mjengo ukaondoa nyasi, tingatinga likavuruga udongo, mchanga na changarawe vikamwagwa juu. Kwa mimea mingi hayo ni maafa. Mbigili ndiyo nafasi inayoisubiri, kwani udhaifu wake mkubwa ni kivuli. Ikizibiwa jua na majani ya jirani yake, hukonda. Ikipata ardhi tupu yenye joto, haishikiki: mzizi mkuu huteremka haraka kufuata unyevu, matawi hulala chini kuzunguka shina hadi mita moja au zaidi, na majani hutengeneza chakula kwa njia ileile ya mahindi na mtama, inayofaa jua kali na maji haba. Wiki tatu hadi tano baada ya kuota, ua la kwanza. Wiki mbili nyingine hivi, tunda limekomaa. Ndiyo maana ulipomaliza kulisifu ua, pancha zilikuwa zimeshaanza kutengenezwa.

Na hapa kuna jambo ambalo fundi wa kunyunyizia dawa hatakwambia. Ndani ya kila kipande chenye miiba mna mbegu mbili hadi nne, kila moja katika chumba chake. Mvua ikinyesha haziamki pamoja. Kubwa hutangulia kuota, nyingine hubaki zimelala kwa msimu, au kwa miaka. Mmea mmoja ulioachiwa nafasi unaweza kuangusha mbegu maelfu. Kwa hiyo ukilipa leo, dawa itaua majani yaliyokwisha kazi yake, nawe utabaki na miiba ileile juu ya ardhi na akiba ileile chini yake. Glifosati, dawa ya kuua magugu, huua mbigili changa, sikatai. Lakini mmea wako umeota Novemba na umeshazaa, watoto wanacheza hapohapo, na upepo hauulizi sukuma wiki ni ya nani. Kwa ploti ya hamsini kwa mia mimi singeilipia.

Ningefanya hivi. Una kiangazi kati ya sasa na mvua za masika za Machi, na huo ndio wakati wako. Chimbua kila mmea kwa jembe dogo, ukikata mzizi chini kidogo ya pale matawi yanapokutana. Ukikata matawi tu kwa fyekeo, shina litachipua tena na miiba itarushwa huku na huku. Inua mmea taratibu kutoka katikati, uukunje kuelekea ndani ili matunda yasipukutike, uutie kwenye gunia. Vaa glavu ngumu. Yaliyobaki chini hayafagiliki vizuri kwa ufagio wa kawaida, ila kuna ujanja unaofanya kazi: chukua kipande cha zulia kuukuu au blanketi zito, weka mawe mawili juu yake, ulikokote ardhini mara nyingi, pande zote. Miiba itajidunga yenyewe kwenye kitambaa. Ni raha ya ajabu kuona maadui wako wamejipanga kwenye zulia. Vilivyokusanywa vichome mahali salama au vifukie shimo refu, visiingie kwenye lundo la mboji.

Mvua ikishaanza, uwe unapita hapo kila wiki au mbili. Mche wa mbigili unatambulika hata kabla haujawa na umbo lake: majani yake mawili ya kwanza ni manene, marefu kidogo, yenye mkato mdogo kwenye ncha, na chini yake yana ukijivu. Kwa wakati huo hung'oka kwa vidole viwili. Kijana wako mwenye baiskeli ana sababu nzuri ya kupewa kazi hiyo.

Lakini kung'oa bila kufunika ni kazi isiyo na mwisho, na kama huna nguvu za kufanya yote niliyosema, basi fanya hili la kufunika. Panda kitu kitakachoitia kivuli ardhi kabla mbigili haijafanya hivyo. Viazi vitamu hutanda vizuri, kunde pia, na vyote viwili utavila. Ukitaka nyasi, nyasi za Kikuyu zinapendeza lakini zina kiu. Kwa Ruai ningechagua nyasi za kienyeji zinazotambaa, zile unazoziona bado ni kijani kandokando ya njia mwezi wa Februari. Pale mnapopita na kuegesha gari weka changarawe nene au mabamba ya saruji. Kutandaza manyasi makavu kutasaidia kuzuia miche, ila usitandaze kabla hujakokota zulia, la sivyo utakuwa umeificha tu miiba mahali ambapo mtoto haioni.

Kuhusu mbuzi wa jirani, nusu ya maneno yake ni kweli, na inafaa aelewe nusu hiyo vizuri. Mbigili ina kemikali ziitwazo saponini. Mnyama akiila kwa wingi, kemikali hizo huweza kuunda chembechembe zinazoziba mirija ya nyongo kwenye ini. Kwa kawaida, mabaki ya rangi ya kijani ya majani hutolewa mwilini kupitia nyongo. Njia ikiziba, mabaki hayo hurudi kwenye damu na kufika ngozini, na pale ngozi isiyo na manyoya mengi inapopigwa na jua, huungua. Masikio na uso huvimba, mdomo hutoa udenda, macho na ufizi hugeuka manjano, mnyama hukimbilia kivulini. Ugonjwa huu unajulikana zaidi kwa kondoo, hasa nyanda kavu za Karoo kule Afrika Kusini, ambako ukungu fulani huchangia kuuzidisha. Mbuzi pia wanaweza kuupata. Hatari huongezeka mbigili inaponyauka kwa joto baada ya mvua, na mifugo ikiwa haina kingine cha kula. Mbuzi anayedonoa kidogo akipita, penye majani mengine mengi, si wa kuombolezewa. Akiona dalili hizo, jirani amweke mnyama kivulini, asimpe mbigili tena, na amwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ini lililoharibika halitibiwi kwa chumvi na maji ya mwarobaini.

Na shemeji, ambaye najua ndiye mgumu kuliko wote. Ni kweli kwamba mbigili imetumika kwenye tiba za asili za India na China kwa karne nyingi, na kwamba vidonge vyake huuzwa duniani kote, pamoja na hapa mjini, kwa ahadi ya kuongeza homoni za kiume. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilianzia Bulgaria. Ni watafiti wa huko huko Bulgaria waliochapisha mwaka 2005 majaribio kwa vijana wa kiume wenye afya, wakakuta kiwango cha homoni hakikupanda. Majaribio mengine kwa wanamichezo yamefika karibu na hapo hapo. Yapo matokeo yanayodokeza nafuu kidogo kwa baadhi ya wanaume wenye tatizo lenyewe, lakini si ya kujengea biashara, na zimewahi kuripotiwa kesi za watu walioumia ini na figo baada ya kuitumia. Zaidi ya hayo, vidonge hutengenezwa kwa dondoo lililopimwa. Mmea wa kwenye kifusi chako haujapimwa chochote. Mwambie kwa heshima zake kwamba kama ana shida, hasa kama anatumia dawa za kisukari au presha, daktari atamsaidia kuliko ploti yako, na kwamba tatizo hilo mara nyingi ni dalili ya mapema ya ugonjwa wa moyo au sukari ambao ungefaa kugunduliwa.

Ikiwa umelichunguza tunda na halilingani na nilivyoeleza, usinitumie picha nyingine. Peleka mmea kwa mtu wa kuushika. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iko pale Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill, tangu mikusanyo yake ilipohamishwa kutoka Amani, Tanga, mwaka 1950, na kazi ya watu wake ni hiyo hiyo ya kutambua mimea. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina hifadhi yake Chiromo. Chimbua mmea mzima na mzizi wake, uwe na maua na matunda, uulaze kati ya kurasa za gazeti, uweke vitabu vizito juu, na ubadilishe gazeti kila siku mpaka ukauke. Tia matunda yaliyokomaa kwenye bahasha ngumu pembeni. Andika mahali ulipoutoa, tarehe, aina ya udongo na rangi ya ua, kwa sababu rangi hiyo hufifia ukikausha. Wengi huleta mimea ndani ya mfuko wa plastiki ikiwa imeoza, licha ya kwamba mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu 2017.